Mkutano wa Wazazi, Gredi ya Tatu

Tulikaa kwenye viti vya watoto,
magoti yamekaribia kidevu,
Jumamosi ya Januari, Mikindani,
pangaboi lazunguka bila kuleta upepo.
Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, yadi ya makontena,
macho yawasha kwa vumbi la Changamwe.

Mwalimu Saumu akasema: mwaka huu, wazazi,
vifuniko vya soda vya kuhesabia tunawarudishia nyumbani.
Hesabu sasa ni ya kichwani.
Watazidisha. Watagawanya, kitakachobaki wakiite salio.
Watasoma kimya, midomo isicheze.
Mwisho wa mwaka kuna tathmini, msiwatie hofu.
Mama mmoja nyuma yangu akauliza, sweta la nini, joto lote hili?
Tukacheka. Swali lake halikujibiwa.

Tukapewa karatasi, upande mmoja umeandikwa,
upande mmoja mweupe.
Nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni
pamoja na risiti za malori.

Karatasi haikusema kwamba Machi
Mbeyu ataniachia mkono hatua thelathini kabla ya lango
kwa kuwa Swabra na Dzame wanatazama,
na mkono wangu utabaki hewani kidogo
kama wa mtu aliyesahau alichotaka kuomba.

Haikusema kwamba saa tatu usiku, umeme umepotea,
atakumbuka kuwa kesho lazima apeleke
mfereji uliotengenezwa kwa katoni;
na mimi, kwa tochi ya simu, nitakata boksi la sabuni
na kuligundisha kwa uji wa ngano,
ndani ya nyumba ambayo mfereji wake wa kweli
umekauka tangu Jumanne.

Wala haikusema habari ya Kombo wa mkokoteni.
Mitungi sita, ishirini ishirini, nikampa mia na hamsini,
akageuza gurudumu aende zake.
"Thelathini zetu," akasema mwanangu, mlangoni,
kijiko cha uji bado kinywani.
Kombo akacheka cheko la aliyebambwa, akatoa.

Lakini saba ilitushinda.
Saba mara sita ilimliza, saba mara nane ikamlaza na njaa.
Jumapili nikampeleka kwenye ua wa yadi,
nikamwonyesha kwa kidole kupitia waya:
safu saba, kila safu makontena manne kwenda juu.
Akatazama muda mrefu.
"Ishirini na nane. Na lile jekundu, pale peke yake?"
"Lile ni salio."
"Litaondoka lini?"
Mwanangu, mimi ni karani tu,
naandika yaingiayo na yatokayo.

Ndipo ukaja mwisho wa Mei.
Barua ya wakala wa nyumba tuliiweka chini ya televisheni,
mahali ambapo mwaka jana
ingekuwa salama kama ndani ya benki.
Nilirudi kazini nikamkuta ameketi sakafuni,
karatasi mapajani,
midomo haichezi.

Kimya kile ndicho kilichoniambia.

"Baba, wameandika salio. Elfu kumi na nne.
Walikuwa wanagawanya nini?"

Mama yake akapunguza moto wa jiko, ingawa hapakuwa na kinachochemka.
Mimi nikatafuta neno, nikapata kikohozi.
Mbeyu akafumba macho,
kichwa chake kikiinama kidogo, kikiinuka kidogo,
kama siku ile kwenye ua wa waya.

"Ni saba mara elfu mbili," akasema.
"Tukitoa mbili mbili, ni miezi saba."

Hakuna aliyempigia makofi.
Nilitia mkono kwenye suruali ya Januari iliyoning'inia msumarini,
nikaikunjua karatasi ya Mwalimu Saumu,
nikaigeuza upande mweupe.
Akalala kifudifudi na penseli yake fupi:
Juni, mbili. Julai, mbili.
agosti akaianza kwa herufi ndogo.
Sikumsahihisha.